PPRD hapa Lubumbashi: wapiga kura walihama au walihamishwa?

Mwana_Katuba (mwanzilishi wa uzi)

Wandugu, kwenye makundi ya WhatsApp nakuta maneno yaleyale: PPRD, chama cha rais wa zamani Joseph Kabila, imekufa Katanga kwa sababu serikali iliifungia. Mimi siikubali hiyo. Kweli, wizara ya mambo ya ndani ilisimamisha shughuli za chama Aprili 2025. Kweli, tarehe 22 Mei Seneti ikamvua Joseph Kabila kinga yake, na tarehe 30 Septemba korti kuu ya kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Lakini habari ya chama kufungiwa ilipotoka, hapa mjini nani alifunga duka? Tulisikia redioni, tukaendelea kuulizana umeme utarudi saa ngapi.

Turudi nyuma. Duru ya pili ya 2006, tarehe 29 Oktoba, Kabila alipata asilimia 58 nchi nzima dhidi ya Jean-Pierre Bemba. Huku Katanga alipita asilimia 90. PPRD yenyewe ikatoka na viti 111 katika Bunge la viti 500, ikawa chama cha kwanza. 2011 viti vikashuka hadi sitini na kidogo. 2018 mgombea wa kambi hiyo, Ramazani Shadary, akawa wa tatu na asilimia 23.84. 2023 hawakugombea kabisa, FCC, muungano wa vyama vya Kabila, ilisusia. Ni miaka 17 tu.

Wengi wanatazama namba hizo wanasema wananchi walichoka. Mimi nasema PPRD haikuwahi kuwa na wananchi hao. Nani anakumbuka karatasi ya kura ya 2006? Kabila aligombea kama mgombea huru, bila chama. 2011, huru tena. Watu wa Katanga walimpigia mtoto wa Mzee Laurent Kabila, walipiga kwa ajili ya amani, walipiga kwa sababu ni "wetu". PPRD ilikuwa ni wale waliosimama katikati: mkubwa wa kartie (mtaa), mchungaji, chifu wa kijiji, mwenye timu ya mpira, mwenye kampuni. Hao ndio waliokuwa wanaleta kura. Walipoondoka mmoja mmoja, kura ziliondoka nao.

Kwa hiyo swali langu ni dogo. Mtaani kwako, nani alikuwa analeta kura, na leo anazipeleka wapi? Majina ya watu wa kawaida tusitaje.

---

SokoYaKenia

Yaya, mi nitasema ya kwetu tu. Mu kartie yetu chama hatukukijuaka. Tulikuwa na mama moja, mukubwa wa likelemba, kuchangiana feza kwa zamu. Yeye njo alikuwa anakuya na kikwembe (kitenge) ya kampanye, anagawa, anasema siku fulani tunaenda wote ku meeting. Tunaenda. Haina juu ya kikwembe, kikwembe ni kitu gani? Ni juu ukifiwa, ule mama njo atasimama na weye ku kilio. Sasa atakuomba kura, utamukatalia na uso gani?

Mama bado eko. Likelemba bado iko. Sura tu ku kikwembe njo imebadilika, mara ya tatu hii.

---

Mwalimu_Kampemba

Ndugu Mwana_Katuba, uzi mzuri, lakini hesabu yako ina mashimo mawili na nitakuonyesha.

Shimo la kwanza ni viti. Kushuka kutoka 111 hadi sitini na kitu mwaka 2011 hakumaanishi kura za kambi ya rais zilikatika nusu. Mfumo wetu ni wa orodha na mgawo wa uwiano, na mabaki ya kura yanasaidia vyama vidogo. Wakubwa wa kambi ile waliiona hesabu hiyo mapema. Wakaanzisha au wakalea vyama pembeni, kila mwenye mfuko akawa na chama chake na bendera yake, wote wakiimba rais mmoja. Depite (mbunge) aliyekosa nafasi nzuri ndani ya PPRD alipita dirisha la jirani. Wakati ule walijiona werevu sana. Kambi ilibaki na wengi Bungeni, lakini kila depite akajua kwamba kiti ni chake na chama chake kidogo, hana deni kwa PPRD. Deni hilo likakosekana siku lilipohitajika, Desemba 2020, muungano na Tshisekedi ulipovunjika.

Shimo la pili ni hiyo asilimia 90. Ya 2006 naiamini kwa sehemu kubwa, mimi mwenyewe nilikuwa msimamizi wa chumba cha kura na niliona foleni. Ya 2011 ni habari nyingine. Carter Center iliandika wazi kwamba kulikuwa na maeneo ya Katanga yaliyotangaza mahudhurio ya asilimia 99 hadi 100, karibu kura zote zikiwa za mtu mmoja. Mimi ni mwalimu. Darasa la wanafunzi hamsini likileta kazi ya nyumbani hamsini zenye jibu moja na kosa moja, sisemi wote wameelewa somo. Ukianza kupima mapenzi ya chama kwa namba za namna hiyo, utapima pia "anguko" lake vibaya. Huenda anguko lilianza kabla ya 2011 na hatukuliona kwa sababu karatasi zilijazwa.

---

Mwana_Katuba

Mwalimu, la pili nalichukua lote, tena linanisaidia. Kama mwaka 2011 ilibidi namba zijazwe, basi wale wa katikati walikuwa wameanza kushindwa kuwaleta watu, wakaleta karatasi.

---

Kamalondo_Juu

Mnazunguka. Semeni jina: Moïse Katumbi.

Gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na wakati huo wote alikuwa PPRD. Rais wa TP Mazembe tangu 1997. Uwanja wetu huu wa Kamalondo ulifunguliwa 2011. Kombe la klabu bingwa Afrika 2009, 2010, 2015. Desemba 2010 Mazembe ilicheza fainali ya dunia Abu Dhabi na Inter Milan. Timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Tulifungwa 3-0 na bado mji haukulala. Sasa niambieni, kijana wa miaka 20 wakati ule aliyesema "mimi ni PPRD", alikuwa anasema nini hasa? Alikuwa anasema mimi ni wa Mazembe, mimi ni wa gavana aliyetengeneza barabara. Kadi ya chama ilikuwa tiketi ya kuingia.

Desemba 2014 Katumbi anarudi kutoka Ulaya, umati unamngoja, anatumia mfano wa mpira: penalti mbili za uongo tulizikubali, ya tatu tutaikubali? Kila mtoto wa Lubumbashi alielewa kwamba anazungumza habari ya 2006, 2011, na muhula wa tatu wa Kabila. Hapo ndipo chama kilipasuka katikati ya mji huu, mbele ya macho yetu, kwa lugha ya uwanjani. Septemba 2015 vyama saba, wale G7, wanaandika barua kwa Kabila na kufukuzwa kwenye kambi. Ndani yake wako wakubwa wa hapa, Kyungu wa Kumwanza na UNAFEC yake, Charles Mwando Nsimba na UNADEF. Tarehe 29 mwezi huohuo Katumbi anaacha ugavana na anaacha PPRD. Novemba Mazembe inachukua kombe la Afrika. Muulize yeyote aliyekuwa barabarani usiku ule shangwe ilikuwa ya nani.

Mimi naona PPRD hapa ilikufa kati ya barua ile na kombe lile. Yaliyofuata ni makaratasi ya mazishi.

---

Mutoto_wa_Manono

Wote munaandika sawa vile Kabila alisha kufa na watu yake balisha kuisha. Mi nakataa. Munapima kimya. Leo ukivaa triko yenye sura yake mu barabara, utafika nyumbani? Ukiandika jina yake na jina yako ya kweli hapa, utalala? Sasa batu banakaa kimya, munasema "hakuna mapenzi". Kimya ya woga na kimya ya kutokujali, masikio haiwezi kuzitenganisha.

Na tena: huyu mutu alikuya 2001, inchi imekatwa vipande. Mapatano ya Sun City 2002, serikali ya 1+4 (rais mumoja, makamu wane) ya 2003, vote ya 2006. Sisi tulizikaka batu kila siku mbele ya pale. Hiyo haiwezi kuitwa kuletwa na mukubwa wa kartie. Mi nilivota juu ya hiyo na niko tayari kuisema.

---

Mwana_Katuba

Mutoto_wa_Manono, nakuheshimu, na amani niliitaja mwenyewe kwenye andiko la kwanza. Lakini habari ya woga tuipime na mfano wa mji huuhuu. Mei 2016 Katumbi aliitwa kwenye parkee (ofisi ya mwendesha mashtaka) ya Lubumbashi, anashitakiwa kuleta mamluki. Usalama wa nchi, jambo zito. Polisi wapo, gesi ya machozi ipo, na watu walimsindikiza kwa miguu. Vijana walilia kwa gesi, na bado wakarudi. Woga ulikuwepo. Kwa hiyo woga peke yake hauelezi kwa nini 2025 barabara zilikuwa tupu.

---

Mutoto_wa_Manono

Ndugu, 2016 hakukuwa waasi wa M23 mu Goma na mu Bukavu. 2025 mutu akisema "Kabila", wanakuuliza weye ni wa M23? Gesi ya machozi unaweza kunawa na maji. Ile neno ingine hainawiki.

---

Mwalimu_Kampemba

Hapo Mutoto_wa_Manono amemgusa Mwana_Katuba pabaya, na ningependa ajibu. Kabila alionekana Goma mwishoni mwa Mei 2025, mji ukiwa mikononi mwa M23 tangu Januari. Baada ya hapo hatuwezi kujua kwa kutazama barabara nani anampenda na nani hampendi. Ila ushahidi wa kabla ya hapo upo: kura ya 2018. Kabila bado yuko ikulu, hakuna anayeogopa kuvaa triko yake, serikali, magari na hela viko upande wa Shadary. Na bado alikuwa wa tatu hata kwa matokeo ya tume ya uchaguzi yenyewe, CENI, ambayo maaskofu Wakatoliki wa CENCO na waangalizi wao kama 40,000 walisema hayalingani na waliyoyaona vituoni. Tena ukisema namba zilipikwa, aliyeshika sufuria hakuwa mpinzani wa PPRD.

---

Dereva_Tunduma

Habari zenu wakuu. Mimi Mtanzania, nabeba shaba toka huko kwenu kupitia Kasumbalesa, kwa hiyo foleni inanipa muda wa kusoma nyuzi ndefu kama hii 😄

Naomba kuuliza kitu. Zambia nimepita miaka mingi. Pale vyama vikubwa vinakufa kwa kura na kila mtu anaona. UNIP ya mzee Kaunda, tangu uhuru 1964, ikapigwa 1991 na MMD. MMD ikakaa miaka ishirini, ikapigwa 2011 na PF ya Sata. PF ikakaa kumi, Agosti 2021 Hichilema akampiga Lungu asilimia 59 kwa 39. Leo mtafute mtu Kitwe anayejitambulisha kuwa ni UNIP. Huko kwenu ng'ambo ya mpaka, watu wana majina yaleyale, mashamba yaleyale, wengine shangazi yuko Chililabombwe na mjomba Kipushi. Mbona chama chenu hakikuanguka kwenye sanduku la kura bali kilipotea hivihivi?

---

Mwalimu_Kampemba

Dereva, karibu, na pole na foleni. Umeuliza swali ambalo Wakongomani wenyewe hatuliulizi vya kutosha.

Jibu langu: Zambia mbunge akihama chama anapoteza kiti, unafanyika uchaguzi mdogo, mpiga kura anaulizwa upya. Kwetu kifungu cha 110 cha Katiba kinasema kitu kinachofanana: depite anayeacha chama chake kwa hiari anahesabiwa ameacha kiti. Sheria ipo. Sasa tazama kilichotokea. Uchaguzi wa 2018 uliipa FCC zaidi ya viti 300 kati ya 500. Tarehe 6 Desemba 2020 rais Félix Tshisekedi anatangaza kwamba ndoa ya FCC na CACH, muungano wake mwenyewe, imekwisha. Siku nne baadaye Bunge hilohilo linamwondoa spika Jeanine Mabunda wa PPRD kwa kura 281 dhidi ya 200. Mwisho wa Januari 2021 linaiangusha serikali ya Ilunga Ilunkamba, na yeye ni mtu wa Katanga na wa PPRD. Hakuna raia aliyepiga kura kati ya hapo. Wengi wa madepite hawakusema "nimeacha chama". Walisema chama changu kimebadili muungano, au nafsi yangu imebadili mawazo, na Mahakama ya Katiba mwanzoni mwa 2021 ikawaachia uhuru huo.

Kwa hiyo mpiga kura wa Zambia ndiye aliyeizika UNIP. Hapa chama kilizikwa na wabunge wake wenyewe, wakarudi kutuambia matanga yameisha. Mwana_Katuba anasema wa katikati waliondoka na kura. Mimi naongeza kwamba hawakuwa na haja ya kuondoka na kura. Waliondoka na viti tu, na ilitosha.

---

Dereva_Tunduma

Duh. Nimeelewa. Asante mwalimu.

---

Ruashi_Mupya

Mwalimu ameeleza Kinshasa. Mimi nirudi nyumbani.

Nataka tujiulize 2006 hiyohiyo. Miaka mitatu kabla, 2003, ulifanyika mpango wa "kuondoka kwa hiari" Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wakaondoka. Hiari ya namna gani kwa mtu ambaye hajapata mshahara miezi na miezi? Kila familia ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ina mtu kwenye orodha ile. Kampuni iliyokuwa inalipa shule, hospitali na unga wa bukari inawaaga watu, serikali ya Kabila ikiwa madarakani. Na miaka mitatu baadaye watu haohao wanampa asilimia 90!

Hapo mjue kura ile haikuwa ya tumbo. Ilikuwa mashariki na magharibi. Waswahili upande huu, Walingala upande ule. Bemba alichukua Kinshasa, Équateur, Bas-Congo na Kasai zote mbili. Huku kwetu jina la Bemba lilitajwa kama jina la kiongozi wa jeshi la kigeni. Hofu ile ilisahaulisha mishahara. Hofu ilipoisha, mishahara ikakumbukwa, na PPRD haikuwa na kitu kingine cha kutupa zaidi ya hofu. 2011 mpinzani mkubwa akawa Étienne Tshisekedi, Mkasai na baba wa Félix, na hapo hofu ilipashwa moto tena kwa kutumia Wakasai tulioishi nao miaka yote. Wenye umri wangu tunakumbuka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa, ilivyokuwa kwenye stesheni. Ilikuwa aibu, na vyama vilivyoiamsha aibu hiyo kwa ajili ya kura, kikiwemo kimoja ambacho wengi humu tulikipenda, havijaomba radhi hadi leo.

---

Kamalondo_Juu

Marehemu Kyungu alishasamehewa na wengi, tuache wafu.

---

Ruashi_Mupya

Sijataja mtu. Umemtaja wewe.

---

Msimamizi

Wandugu, kabila za watu zikae nje. Uzi unaenda vizuri, nisilazimike kuufunga.

---

Likasi_Panda

Hakuna aliyegusa dekupaji. 2015 Katanga inakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Katiba ilikuwa imeandika hivyo tangu 2006, lakini iliharakishwa mwaka uleule Katumbi anagombana na Kinshasa, na hapa kila mtu aliunganisha mambo hayo mawili. Waliolikata jimbo walidhani wanamkata gavana. Walichokata ni tawi walilokalia.

Kabla ya hapo PPRD ilikuwa na Katanga moja, yenye kiti kimoja cha ugavana na mtandao mmoja. Baada ya hapo viti vinne, wakubwa wanne, na kila mmoja na mgodi wake au njaa yake. Kolwezi na migodi yake mikubwa ikaenda Lualaba. Kodi ya mgodi, kwa sheria ya migodi ya 2018, robo inaenda kwa jimbo na asilimia 15 kwa maeneo ya chini. Sasa Haut-Lomami, nyumbani kwa wapiga kura waaminifu kabisa, wanapata nini? Kamina hakuna kobalti. Wale waliokuwa wanapiga asilimia 99 (sawa mwalimu, "wanapiga") ndio waliobaki na barabara mbovu na jimbo lisilo na mapato. Ukitaka kujua chama kilipowapoteza wazee wa Kiluba, ni pale. Katumbi hakuhusika sana.

---

Darasa_UNILU

Wazee wangu, nasoma kwa heshima, lakini wote mnazungumzia kura za watu wanaopiga kura. Mimi nilizaliwa 2003. Kwangu Sun City ni jina la hoteli.

Angalieni mahudhurio: 2006 duru ya kwanza kama asilimia 70. 2011 kama 59. 2018 chini ya 48. 2023 kama 43. Kila uchaguzi inashuka. Kwa hiyo mnapouliza waliokuwa PPRD walienda wapi, baadhi hawakuhamia kwa Katumbi wala UDPS ya Tshisekedi. Walikaa nyumbani. Na sisi tuliofuata hatukuondoka mahali popote kwa sababu hatukuwahi kuingia. Darasani kwetu hakuna anayejua katibu mkuu wa chama chochote, ila wote tunajua nani anagawa nafasi za kazi mgodini.

Rais Tshisekedi alitangazwa na asilimia 73 mwaka 2023. Sawa. Lakini ni 73 ya hao 43.

---

SokoYaKenia

Mutoto ya UNILU anasema kweli. Mi 2023 nilienda ku bureau ya vote saa kumi na mbili asubui, mashine ilifunguliwa saa ngapi sijue, mi nilikuwa nimesha rudi ku soko. Nyanya haingojake.

---

Mwana_Katuba

Darasa_UNILU, nimeipenda hiyo ya hoteli.

Nijibu mwalimu kwanza kuhusu Goma. Baada ya Mei 2025 barabara hazisemi kitu, hilo liko wazi. Ndiyo maana ushahidi wangu mkubwa ni 2021, wakati Kabila mwenyewe alikuwa hapa. Baada ya ndoa kuvunjika alikuja kukaa huku kwetu miezi, watu wakienda na kurudi shambani kwake Kashamata. Hakuna M23 Goma, hakuna hukumu. Rais mstaafu, seneta wa maisha, yuko nyumbani kwenye asilimia 90 yake. Na wakati huohuo gavana wetu Jacques Kyabula, aliyechaguliwa 2019 chini ya mwavuli wa FCC, anaingia Union sacrée, muungano mpya wa Tshisekedi. Kinshasa wanamteua Sama Lukonde, mtoto wa huku aliyekuwa anaongoza Gécamines, kuwa waziri mkuu. Wakubwa walihama na mwenye chama akiwa mjini, kilomita chache kutoka kwao. Angekuwa na watu kweli, wangehama wakimtazama usoni hivyo?

---

Mutoto_wa_Manono

Wangehama. Mutu ya siasa anahama hata ku kilio ya mama yake. Weye unachanganya tena wakubwa na sisi wadogo. Uzi yako yote ni hiyo: unasema wadogo hawana akili yao, wanaletwa. Mi sikuletwa.

---

Mwalimu_Kampemba

Hili ni pingamizi bora kuliko yote ya leo, Mwana_Katuba. Ukisema kura "zililetwa", eleza Katumbi 2023. Alikuwa ametoka Union sacrée Desemba 2022. Hana serikali, magavana wa Katanga wako upande wa rais, madepite wengi wako upande wa rais, wa katikati wako wote kwenye kikwembe kingine, kama alivyosema mama wa soko. Kwa nadharia yako angepata sifuri huku. Alipata asilimia 18 nchini kote, wa pili, na nguvu yake kubwa ilikuwa hukuhuku. Nani alizileta hizo?

---

Kamalondo_Juu

MAZEMBE 😂

---

Mwana_Katuba

Kamalondo anacheka lakini amejibu nusu. Nusu nyingine ni hii: kwa kura ya rais mtu anaweza kwenda peke yake, kwa sababu sura anaijua. Kwa kura ya depite anahitaji mtu wa kumshika mkono, kwa sababu orodha ni ndefu kama kitambaa na majina hayajui. Angalieni matokeo hayohayo ya 2023: Katumbi wa pili kwa urais, chama chake Ensemble kikatoka na viti 18 hivi kati ya 500. UDPS 69. Watu walewale, siku ileile, mashine ileile. Rais walimchagua wenyewe. Madepite waliletewa. PPRD iliishi kwa kura ya aina hiyo ya pili, na kura hiyo haina uaminifu kwa chama, ina uaminifu kwa anayekujua jina. Mutoto_wa_Manono hakuletwa kumpigia Kabila, nakubaliana naye. Lakini nimuulize: 2006, depite wake alimpataje?

---

Mutoto_wa_Manono

Kaka yangu aliniambia.

---

Likasi_Panda

😂😂 Basi.

---

Dereva_Tunduma

Na UDPS? Maana nao sasa ndio wenye serikali, na nasikia 2028 mnapiga tena. Watakuwa MMD au UNIP?

---

Ruashi_Mupya

Dereva, UDPS ina kitu ambacho PPRD haikuwa nacho: ilianzishwa 1982 na ikakaa upinzani miaka 36. Watu walifungwa kwa ajili yake. Kinshasa na Kasai iko ndani ya damu. Lakini hapa Lubumbashi, ukiondoa wanachama wa zamani, waliojaa kwenye Union sacrée ni walewale wa jana. Kwa upande huu wa nchi inatembea na miguu ya PPRD. Siku bwana wa ikulu akibadilika, miguu itajua njia.

---

Darasa_UNILU

Nawajaribu. Desemba 2023 tulichagua pia washauri wa komini hapa mjini. Bila kuangalia simu, nani anajua jina la mshauri wake, na chama chake?

---

SokoYaKenia

Komini iko na washauri?

---

Kamalondo_Juu

Namjua mmoja kwa sura.

---

Ruashi_Mupya

Mimi wangu namjua, anakaa mtaa wa pili. 2011 alikuwa anatugawia triko za PPRD. 2023 aligombea na chama kingine kabisa, kina neno "Mbadala" au "Muungano" ndani yake, sikumbuki vizuri. Nilimpigia. Mtoto wangu alipougua usiku, yeye ndiye aliyetoa gari.